Krismasi, Pasaka na Asili za Kipagani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Desemba ikikaribia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye simu: "Je, wajua kwamba Krismasi ni siku ya kuzaliwa ya mungu jua? Tuma kwa Wakristo kumi." Machi au Aprili huja ule wa Pasaka, na Oktoba huja mwingine tena. Nafundisha darasa la Biblia, na kila ujumbe ukipita, Jumapili inayofuata kuna mtu ananishika mkono mlangoni akiwa na simu yake. Haya hapa ni maswali yanayorudi zaidi.

Msomaji asihangaike kunitafuta niko upande gani: nasherehekea Krismasi na Pasaka, na sina ugomvi na asiyesherehekea. Nina ugomvi kidogo na hoja mbovu, hata zikitolewa na watu wazuri.

Kwa kifupi, Mkristo aruhusiwe au asiruhusiwe?

Biblia haimwamuru Mkristo kuadhimisha Krismasi, wala haimkatazi. Asili ya tarehe au ya desturi, peke yake, haitoshi kuifanya kuwa ibada ya sanamu. Kinachoamua ni kile kinachofanywa leo na anayefanyiwa. Ukiridhika na jibu hilo unaweza kuishia hapa.

Lakini 25 Desemba si ilikuwa sikukuu ya mungu jua?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na ukweli wake hautoshi kwenye ujumbe wa simu.

Kwamba Warumi waliabudu jua, hakuna ubishi. Mwaka 274 Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma. Kwamba Desemba ilikuwa na shamrashamra zake, nalo ni kweli: Saturnalia ilianza tarehe 17 na kuendelea kwa siku kadhaa, watumwa wakiketi mezani kama mabwana, watu wakipeana mishumaa na vinyago vidogo. Ila tazama tarehe: Saturnalia ilikuwa inamalizika kabla ya 25.

Ushahidi wa 25 yenyewe unatoka mahali pa kushangaza. Kuna kalenda ya Kirumi iliyoandaliwa mwaka 354. Kwenye orodha yake ya sikukuu za dola, tarehe 25 Desemba, pameandikwa kwa mkato: kuzaliwa kwa Asiyeshindwa, mashindano 30 ya magari ya farasi. Ukihamia sehemu nyingine ya kitabu hichohicho, kwenye orodha ya kumbukumbu za mashahidi wa imani, unakuta tarehe ileile: Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yudea. Wataalamu huona kwamba orodha hii ya pili ilitungwa mwaka 336. Kwa hiyo sikukuu ya jua ya tarehe hiyo na sikukuu ya Kristo zinatufikia ndani ya jalada moja. Anayeapa kwamba hii iliiibia ile anajua mambo ambayo kalenda haikumwambia.

Kuna pia njia ya hesabu, ambayo wasambazaji wa ujumbe hawaitaji kamwe. Mwanzoni mwa karne ya 3, mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago aliweka kifo cha Yesu tarehe 25 Machi. Wakristo wa kale walikuja kuamini kwamba Bwana alitungwa mimba siku ileile ya mwaka aliyokuja kufa, ili maisha yake yatimie bila pungufu. Askofu Augustino anaandika hivyo waziwazi: alitungwa mimba 25 Machi, akateswa 25 Machi, akazaliwa 25 Desemba. Hesabu miezi tisa kwa vidole. Upande wa Mashariki palikuwa na hesabu ya 6 Aprili, na miezi tisa kutoka hapo inakufikisha 6 Januari, siku ambayo Kanisa la Kitume la Armenia linaadhimisha kuzaliwa kwa Kristo mpaka leo.

Hesabu yao ilikuwa sahihi? Sidhani. Lakini ni makosa ya watu waliokuwa wakisumbuka na maandiko, na makosa ya namna hiyo ni tofauti kabisa na hila ya kumbatiza mungu jua. Maoni yangu ni kwamba hesabu iliwapa tarehe na jua likawapa mahubiri, kwa maana wahubiri wa karne ya 4 walipenda sana kumwita Kristo "jua la haki", maneno ya Malaki 4:2. Dai kwamba kanisa lilihamisha sikukuu makusudi ili kuwavuta wapagani linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya pembeni ya mswada mmoja wa Kisiria wa karne ya 12. Hiyo ni miaka mia nane baadaye.

Wachungaji wangelalaje makondeni wakati wa baridi?

Luka 2:8 haitaji mwezi. Karibu mwaka 200, Clement wa Aleksandria alikuta Wakristo wakipendekeza tarehe mbalimbali, mojawapo ikiwa mwezi Mei. Hakuna anayejua siku, na kanisa lenye akili timamu halidai kujua. Tunaadhimisha kuzaliwa, hatutoi cheti.

Nimrodi, Semirami na Tamuzi je?

Ujumbe wa simu hudai kwamba Nimrodi alimwoa Semirami, kwamba Tamuzi ni mwana wao, na kwamba Krismasi na mti wake vinatoka kwao. Hapa uvumilivu wangu ni mdogo, nisameheni.

Karibu yote ambayo Biblia inasema juu ya Nimrodi yamo katika Mwanzo 10:8-12: alikuwa hodari wa kuwinda, na miji ya ufalme wake imetajwa. Hakuna mke. Hakuna siku ya kuzaliwa. Hakuna mti uliochipuka kutoka kwenye kisiki. Semirami ni mtu wa hekaya za Kigiriki, nazo yaelekea zilitokana na malkia wa Ashuru aliyeitwa Shammuramat, wa karne ya 9 kabla ya Kristo. Kumwoza kwa Nimrodi ni kumwoza bibi harusi kwa bwana aliyekufa enzi na enzi kabla hajazaliwa. Tamuzi ndiye mungu aliyeabudiwa kweli kati yao: Ezekieli 8:14 inawaonyesha wanawake wakimlilia langoni pa nyumba ya BWANA. Lakini walikuwa wanalia msiba, na mwezi unaobeba jina lake katika kalenda ya Kiyahudi huangukia Juni na Julai.

Aliyewashona hawa watatu kuwa nguo moja ni Alexander Hislop, mhubiri wa Uskoti, katika kijitabu cha mwaka 1853 alichokipanua kuwa kitabu mwaka 1858. Shabaha yake ilikuwa Kanisa Katoliki, na sindano yake ilikuwa majina yanayokaribiana kwa sauti. Kwa sindano hiyo naweza kukuthibitishia kwamba "kanisa" na "kanzu" ni mtu na dada yake. Mwandishi mmoja wa Marekani alieneza mafundisho hayo kwa kitabu kilichopendwa sana, kisha akaulizwa vyanzo, akaenda kuvikagua mwenyewe, akakuta havipo. Alikiondoa kitabu chake sokoni na kuandika kingine cha kujisahihisha. Mtu huyo namvulia kofia.

Na Pasaka haitokani na Ishtar?

Swali hili limetafsiriwa kutoka lugha nyingine, na ndipo lilipovunjika mguu. Kiingereza huiita sikukuu hii Easter, na sikio la haraka husikia Ishtar, mungu wa kike wa Babeli. Sisi husema Pasaka, neno lililotoka kwenye Kiebrania kupitia Kigiriki, la usiku ule wa Kutoka 12 na damu kwenye miimo ya milango. Lugha nyingi duniani zinafanya hivyohivyo. Anayemkemea Mswahili kwa ajili ya Ishtar anamkemea kwa neno ambalo hajalitamka.

Hata huko Uingereza, neno lao halihusiani na Babeli. Mtawa Bede aliandika mwaka 725 kwamba mwezi huo wa masika uliitwa kwa jina la mungu wa kike Eostre. Habari zote tulizo nazo za mungu huyo zinaanzia kwake. Wakati huo Pasaka ilikuwa imeadhimishwa kwa karne nyingi. Wakristo wa Asia Ndogo na wa Roma walikuwa wakibishana juu ya tarehe yake katika karne ya 2, na Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ulilishughulikia jambo hilo. Waliobishana walibishana kwa Kigiriki.

Mayai na sungura?

Mayai yalikatazwa wakati wa mfungo wa Kwaresima katika Ulaya ya kale, na kuku hawajui kufunga. Siku ya Pasaka yalikuwa yamejaa vikapuni. Sungura ni wa Ujerumani, na maandishi yanayomtaja ni ya karne ya 17. Usipompenda, mwache aende zake. Hana nafasi yoyote kwenye Imani ya Nikea.

Yeremia 10 haikatazi mti wa Krismasi?

Soma mpaka aya ya 5. Mti unakatwa mwituni, fundi anaushughulikia kwa chombo chake, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari na nyundo usitikisike. Hadi hapo mtu anaona sebule ya jirani yake. Kisha Yeremia anasema haviwezi kunena, lazima vichukuliwe kwa maana haviwezi kwenda, msiviogope. Hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mti wa Krismasi hauzungumzi. Nabii anacheka kinyago, gogo lililochongwa likapewa uso na jina la mungu. Miti ya Krismasi inaanza kuonekana kwenye kumbukumbu za Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, katika karne ya 16, na maelezo ya miti iliyopambwa majumbani Strasbourg ni ya mwaka 1605.

Mimi mwenyewe siweki mti. Sababu yangu si Yeremia, ni uvivu wa kuupamba na kuupambua.

Kumbukumbu la Torati 12 inasema tusiulize mataifa waliabuduje miungu yao. Hapo unatokaje?

Sitoki, kwa sababu hii ndiyo hoja yenye uzito, na wengi wanaotetea Krismasi huipita mbio.

Kumbukumbu la Torati 12:29-32 inakataza kuchukua namna mataifa walivyoitumikia miungu yao na kumpelekea BWANA ibada hiyohiyo. Kutoka 32 inaonyesha jambo hilo likitendeka. Haruni hakutangaza mungu mgeni. Alisimama mbele ya ndama, akajenga madhabahu, akasema: "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Nia, kwa maneno yake, ilikuwa njema. Kisha kuna Yeroboamu, 1 Wafalme 12:32-33, aliyeweka sikukuu mwezi wa nane, siku ya kumi na tano, "mwezi aliouwaza moyoni mwake mwenyewe". Kwa hiyo jibu la "mimi moyoni mwangu namwabudu Yesu" halitoshi lenyewe. Haruni naye angeweza kulisema.

Sasa angalia nini hasa kilichokuwa kibaya. Kwa Haruni kulikuwa na ndama. Kwa Yeroboamu kulikuwa na ndama wawili, makuhani aliowateua mwenyewe, na kusudi la kuwazuia watu wasipande kwenda Yerusalemu. Kumbukumbu la Torati 12:31 yenyewe inataja mfano wa machukizo: kuwachoma wana na binti motoni. Kinachokatazwa ni tendo la ibada la kipagani lililobadilishiwa anwani. Tarehe si tendo la ibada. Jua lilichomoza 25 Desemba kabla Aurelian hajazaliwa, na aliyeliumba hakumwachia Aurelian siku hiyo.

Tena Biblia yenyewe haionyeshi hofu ya kugusa vitu vilivyowahi kupita mikononi mwa wapagani. Wamisri walitahiri, kama Yeremia 9:25-26 inavyowaorodhesha, na tohara ikawa alama ya agano. Paulo alipohubiri Athene alinukuu washairi wa Kigiriki (Matendo 17:28), na mmoja wao alikuwa akimsifu mungu wao Zeu. Katika Matendo 28:11 alisafiri kwa merikebu iliyobeba alama ya miungu pacha, na Luka anaitaja alama hiyo kama mtu anayetaja namba ya basi.

Walioikataa Krismasi kwa hoja nzito kuliko zote hawakuhitaji Nimrodi. Wapuritani, Waprotestanti wakali wa Uingereza wa karne ya 17, walisema hivi: Mungu aabudiwe kwa yale aliyoyaamuru tu, na hakuamuru siku hii. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku Krismasi na Pasaka mwaka 1647. Koloni la Massachusetts mwaka 1659 liliweka faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa akisherehekea, na sheria hiyo ikafutwa mwaka 1681. Uskoti iliendelea hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya taifa huko hadi mwaka 1958. Sikubaliani nao, kwa sababu naona sikukuu ya Purimu katika Esta 9 iliwekwa na watu bila agizo la torati, na Yohana 10:22-23 inamwonyesha Yesu akitembea hekaluni wakati wa sikukuu ya Kutabaruku, ambayo nayo haimo katika torati. Lakini nikibishana na Mpuritani najua nabishana na mtu aliyesoma.

Warumi 14 inaruhusu siku, Wagalatia 4 inakemea siku. Tushike ipi?

Zote mbili, zikisomwa pamoja na watu walioandikiwa. Wagalatia walikuwa wakishika siku, miezi, nyakati na miaka kana kwamba wokovu unategemea hilo, na Paulo akaogopa kwamba kazi yake kwao imekuwa bure. Warumi walikuwa na watu wawili kwenye kanisa moja: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa." Hapo hakumkemea hata mmoja. Alitaka kila mmoja athibitike katika akili zake mwenyewe.

Fundisho linalosema "usiposherehekea Krismasi wewe si Mkristo" limekwisha ingia Galatia. Na lile linalosema "ukisherehekea umepotea" limeingia mji uleule kwa lango jingine.

Kwa hiyo hakuna hatari yoyote?

Ipo, na haikai kwenye tarehe.

Karibu miaka 1,800 iliyopita, Tertullian aliwalalamikia Wakristo wa siku zake. Zawadi za mwaka mpya zinakwenda na kurudi, alisema, karamu za Saturnalia zimejaa wao. Wapagani, kwa maoni yake, ni waaminifu zaidi kwa dini yao, maana wasingekubali kushiriki siku ya Bwana wasije wakadhaniwa Wakristo. Kisha anaichukua jioni moja ya sherehe za dola na kutembea nayo mtaani: siku hizi, anasema, milango ya wapagani isiyo na taa na mataji ya majani ni mingi kuliko ile ya Wakristo.

Katikati ya karne ya 5 ni zamu ya Papa Leo Mkuu. Asubuhi ya Krismasi, Roma. Watu wanapanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro kuja kuabudu, wanafika juu, na kabla ya kuingia mlangoni wanageuka, wanalitazama jua linalochomoza na kuliinamia. Kisha wanaingia. Papa Leo aliliweka jambo hilo kwenye mahubiri yake, akikiri kwamba wengine labda wanamheshimu Muumba wa nuru kuliko nuru yenyewe, lakini akataka waache.

Ona alichokifanya na alichokiacha. Hakuifuta Krismasi kwa sababu watu wameinamia jua siku hiyo. Alikataza kuinama. Ukitaka kujua kama sikukuu yako imeoza, usitafute kilichofanyika Babeli. Geuka utazame unachofanya ngazini kabla ya kuingia. Ni deni gani umelichukua ili nyumba ionekane? Nani amelewa? Nani amesahaulika siku nzima, pengine yule mwenye kuzaliwa?

Halloween na Valentine?

Halloween ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Papa Gregori III, aliyeongoza kati ya 731 na 741, aliweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, na tarehe 1 Novemba ikaenea Ulaya katika karne ya 9. Waselti, watu wa kale wa Ireland na Uingereza, walikuwa na sikukuu yao ya Samhain kipindi hichohicho. Kwa vyovyote, kilichobaki leo sehemu nyingi ni vinyago vya kutisha na pipi, na hapa nina msimamo tofauti na wa Krismasi: sioni mtoto wangu anapata nini kwa kuvaa kama mchawi. Hoja yangu ni maudhui ya leo, si ya Waselti.

Valentine: Papa Gelasio, mwishoni mwa karne ya 5, aliipinga Lupercalia, sikukuu ya Kirumi ya 15 Februari, na watu wakaiunganisha na siku ya Valentine ya 14 Februari. Mapenzi yenyewe yaliingia siku hiyo kupitia washairi wa Uingereza wa karne ya 14. Mnunulie mkeo maua. Mnunulie na mwezi wa Agosti pia.

Siku ya kuzaliwa (birthday) ni dhambi?

Mashahidi wa Yehova hawaisherehekei, na wana mtangulizi mkubwa: mwalimu wa kanisa Origeni, katika karne ya 3, alisema hakuna mtakatifu hata mmoja katika maandiko aliyefanyia karamu siku aliyozaliwa, isipokuwa watu kama Farao (Mwanzo 40:20) na Herode (Marko 6:21). Ni kweli karamu zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa. Lakini kichwa cha Yohana kililetwa katika kombe, na sijasikia kanisa lililokataza makombe.

Tukifuata asili ya kila kitu tutafika wapi?

Mbali kuliko unavyodhani. Januari ni mwezi wa Janus, mungu wa malango. Machi ni wa Mars, mungu wa vita. Pete ya ndoa ilivaliwa na Warumi kabla ya Ukristo. Waquaker, kundi la Wakristo lililoanza Uingereza, walikuwa wakweli kuliko wengi: waliyakataa majina ya kipagani ya siku na miezi, wakasema "siku ya kwanza", "mwezi wa tatu". Anayeikataa Krismasi kwa ajili ya asili yake, kisha akaandika Machi juu ya barua ya kueleza kwa nini, ana kazi bado.

Kiswahili kina mfano mtamu zaidi. Jumapili maana yake ni ya pili, na kuhesabu kunaanza baada ya Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala ya Waislamu. Kila tunapotangaza ibada ya Jumapili tunahesabu kutoka msikitini, na hakuna aliyesilimu kwa kutaja siku. Neno Mungu lenyewe babu zetu walilitamka kabla hawajasikia Injili. Tulilichukua likamtaja Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo.

Tazama pia majina ya Agano Jipya. Apolo amebeba jina la Apollo. Epafrodito amebeba la Afrodite. Fibi, yule dada wa Warumi 16:1, ana jina lililohusishwa na Artemi. Wote walikuwa Wakristo, naye Paulo akawataja katika barua zake kwa majina yaleyale. Hakumwandikia yeyote: dada, kwanza badilisha.

Kwenye ukoo wetu kuna sherehe yenye tambiko. Kwa mantiki yako, niende?

Hapana, si kwa mantiki yangu, na nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo mstari unapoonekana. Paulo alisema nyama ya sokoni kula bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25). Lakini meza ya mashetani hapana (10:21). Na mwenyeji akikwambia, "Kitu hiki kimetolewa sadaka," acha (10:28). Nyama ni ileile. Tofauti ni kwamba mtu ameisema sadaka hiyo sasa hivi, mbele yako, na anakutazama unafanya nini.

Krismasi haina anayemtolea Saturno, mungu wa Saturnalia, sadaka. Saturno hana mwabudu aliyebaki wa kukusubiri mezani. Tambiko lina watu hai wanaoita mizimu kwa majina. Nenda kawasalimu wazee, shiriki yale ya undugu, toa mchango wa chakula, na wakati wa kumwaga na kuita majina ukifika, ondoka kwa adabu au keti kimya pembeni. Waambie mapema ili isionekane dharau. Naamani, jemadari aliyelazimika kuingia na bwana wake katika hekalu la mungu Rimoni, aliuliza swali linalofanana na lako (2 Wafalme 5:18), naye Elisha akamwambia aende kwa amani. Ila Naamani alikuwa mtumishi aliyeshikwa mkono na bwana wake. Wewe unaweza kuondoka.

Mume wangu ameamua nyumba yetu isiwe na Krismasi tena. Watoto wanalia. Nifanyeje?

Nilikaa na wanandoa wa namna hii jioni ya tarehe 23. Mezani palikuwa na boksi la mapambo lililofungwa kwa gundi ya karatasi, limeandikwa kwa kalamu nene: BABELI. Mke hakuligusa. Mume alinionyesha video, dakika arobaini, na nikaitazama yote kwa sababu mtu akikuonyesha kilichomuumiza dhamiri unakitazama. Kisha tukasoma Warumi 14 mara mbili, mara ya pili tukibadilishana nafasi: yeye akasoma akijiweka mahali pa anayeadhimisha, mke akasoma mahali pa asiyeadhimisha. Hatukumaliza ubishi. Walikubaliana boksi lisifunguliwe mwaka huo, wimbo uimbwe, Luka 2 isomwe, na watoto wasiambiwe kwamba shangazi yao anayepamba ni mpagani. Mwaka uliofuata sikuuliza habari za boksi.

Kwako nasema: usimvunje dhamiri yake kwa dhihaka, na yeye asitumie dhamiri yake kama fimbo ya kuwapigia watoto. Ongeeni mapema, mwezi wa Oktoba, si mkesha. Mkishindwa, mkumbuke kwamba wenye sauti kubwa kuliko ninyi walishindwa pia. Karibu mwaka 155 Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alisafiri mpaka Roma kuonana na Askofu Aniketo, na wakabishana juu ya siku ya Pasaka. Polikarpo hakukubali kuacha desturi aliyoipokea kutoka kwa Yohana. Aniketo hakukubali kuacha ya wazee wake. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Kisha Aniketo akampisha mgeni wake, Polikarpo akaongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Roma, wakashiriki pamoja, na kila mmoja akarudi kwenye tarehe yake.